Mafuta ya taa Johannesburg: biashara ndogo, sheria nyingi

Majira ya baridi yanapoingia Johannesburg, kati ya mwezi Juni na Agosti, wakazi wa mtaa wa Rosettenville hutafuta kila njia ya kupasha nyumba zao joto. Wengine hutumia umeme, wengine gesi ya mitungi, na wasio na uwezo wa hayo mawili hununua mafuta ya taa kwa chupa katika duka lililo karibu.

Biashara hiyo huonekana nyepesi, lakini nyuma ya kila chupa zipo sheria za bei, za usalama wa moto, za afya, za matumizi ya majengo na, kwa mfanyabiashara aliyetoka nje ya Afrika Kusini, za uhamiaji.

Makala haya yanaeleza jinsi biashara hiyo inavyoendeshwa, nani anaisimamia, na kwa nini mwenye duka dogo aghalabu hujikuta matatani hata pale anapokusudia kuitii sheria.

Mtaa wa wahamiaji

Rosettenville uko kusini mwa katikati ya jiji la Johannesburg, jirani na Turffontein, La Rochelle na Regents Park. Kwa miaka mingi ulijulikana kama makao ya Wareno, hasa waliotoka kisiwa cha Madeira. Baada ya Msumbiji na Angola kupata uhuru mwaka 1975 waliongezeka wengine waliozihama nchi hizo.

Hapo ndipo ilipokuwa shule ya Mtakatifu Petro, ambako Oliver Tambo alisoma na baadaye kufundisha, na ambako padri Trevor Huddleston alimpatia kijana Hugh Masekela tarumbeta yake ya kwanza. Shule hiyo ilifungwa mwaka 1956, kufuatia sheria ya elimu ya Wabantu ya mwaka 1953. Wasomaji wa Tanzania watamkumbuka Huddleston kwa sababu nyingine: kuanzia mwaka 1960 hadi 1968 alikuwa Askofu wa Masasi.

Tangu utawala wa ubaguzi wa rangi ulipokoma mwaka 1994, sura ya mtaa imebadilika tena. Leo wanaishi humo Wakongo, Wanigeria, Wazimbabwe, raia wa Msumbiji na Afrika Kusini wenyewe. Nyumba nyingi zilizojengwa kwa ajili ya familia moja zimegawanywa vyumba vya kupangisha, na nyuani vimeongezwa vibanda vinavyokodishwa.

Katika vyumba hivyo ndimo wanamoishi wanunuzi wa mafuta ya taa.

Kwa nini mafuta ya taa?

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa huenda akashangaa kusikia habari za kupasha nyumba joto barani Afrika. Lakini Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai hali ya joto hukaribia nyuzi sifuri. Nyumba nyingi hazina mfumo wa kupasha joto uliojengwa ndani yake.

Wale wanaoishi Ulaya ya kaskazini au kaskazini mashariki mwa Marekani wanaujua mfumo mwingine: tangi kubwa uani, gari la kampuni linalokuja kulijaza, na ankara inayolipwa kwa mwezi. Mafuta yanayotumika huko ni ndugu wa karibu wa haya ya Johannesburg. Tofauti ni kwamba huko mteja hununua mamia ya lita kwa mkupuo, ilhali mpangaji wa Rosettenville hununua kiasi cha kumfikisha asubuhi.

Umeme nao umekuwa na matatizo yake. Migao ya umeme iliyoanza mwaka 2007 ilifikia kilele mwaka 2023, na ingawa ilipungua sana kuanzia mwishoni mwa Machi 2024, kukatika kwa umeme kwa sababu ya nyaya na mitambo chakavu ya jiji hakukukoma. Mwezi Julai mwaka 2024 shirika la umeme la jiji, City Power, lilianza kuwatoza wateja wa majumbani wanaolipia umeme kabla ya kuutumia ada ya randi 200 kwa mwezi. Ada ya namna hiyo humwangukia kwa uzito ule ule mtumiaji mdogo na mkubwa.

Mpangaji wa chumba kimoja hana mita yake. Humlipa mwenye nyumba, na mwenye nyumba asipolipa, chumba huwa giza. Hapo jiko la utambi na chupa ya mafuta hugeuka kuwa chombo cha kupikia, taa na kipasha joto kwa pamoja.

Bei hupangwa na serikali

Mafuta ya taa ni miongoni mwa bidhaa chache ambazo serikali ya Afrika Kusini huziwekea bei kikomo. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi bei mpya huanza kutumika, sambamba na bei za petroli na dizeli. Mamlaka hayo yanatokana na Sheria ya Bidhaa za Petroli ya mwaka 1977, ambayo imerekebishwa mara kadhaa. Tangu wizara ilipogawanywa mwaka 2024, kazi hiyo iko chini ya Wizara ya Rasilimali za Madini na Petroli.

Hesabu ya bei huanzia katika soko la dunia. Huchukuliwa bei ya kimataifa ya mafuta yaliyosafishwa, ikabadilishwa kutoka dola hadi randi, kisha zikaongezwa gharama za kuyafikisha bandarini, kuyahifadhi na kuyasafirisha, faida ya muuzaji wa jumla na faida ya muuzaji wa rejareja. Randi inaposhuka thamani, mpishi wa Rosettenville huhisi makali yake mwezi unaofuata.

Uagizaji kutoka nje nao umeongezeka. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Engen mjini Durban kilisimama baada ya mlipuko wa Desemba 2020, na jirani yake Sapref kilisitisha kazi mwaka 2022. Isitoshe, mafuta ya taa ni ya jamii moja na mafuta ya ndege, kwa hiyo mkaazi wa kibanda hushindania bidhaa moja na mashirika ya ndege.

Ili kuwapunguzia wananchi mzigo, tangu Aprili 2001 mafuta hayo hutozwa kodi ya ongezeko la thamani kwa kiwango cha sifuri. Vile vile hayatozwi ushuru wa mafuta wala mchango wa Mfuko wa Ajali za Barabarani, ambavyo dizeli hutozwa.

Tatizo la bei moja

Bei kikomo ya mafuta ya taa ni moja kwa nchi nzima. Gesi ya mitungi, ambayo bei yake ya rejareja ilianza kudhibitiwa mwaka 2010, huwekewa bei kulingana na eneo, na aliye mbali na bandari huruhusiwa kutoza zaidi. Muuzaji wa mafuta ya taa hana nafasi hiyo.

Kwa maandishi, mpango huu unamlinda mnunuzi. Kwa vitendo, duka dogo halinunui moja kwa moja kwa kampuni kubwa. Mafuta hupitia kwa msambazaji, pengine kwa mtu wa pili mwenye gari dogo la kubebea mizigo, na kila mmoja hubakiza chake. Yanapofika dukani, bei ya kununulia huwa imekaribia ile ambayo sheria hairuhusu kuivuka.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ieleweke. Mwenye duka ananunua pipa la lita 200 na kubakiziwa nafasi ya randi 2 kwa kila lita. Faida yake ya juu kabisa ni randi 400. Akitoa nauli ya kulileta pipa, lita chache zinazomwagika wakati wa kupima, na chupa anazokopesha hadi mwisho wa mwezi, kinachobaki hakifiki nusu.

Hapo ana njia tatu. Anaweza kuacha kuuza mafuta, akampoteza mteja ambaye angenunua pia mkate na sukari. Anaweza kuuza kwa bei halali na kuyahesabu mafuta kama chambo cha kuvutia wateja. Au anaweza kuuza kwa chupa isiyo na kipimo, kwa bei ambayo ikigeuzwa kuwa ya lita moja inavuka kikomo. Njia hii ya tatu ni kosa, nayo ndiyo rahisi kuliko zote, kwa kuwa mnunuzi wa chupa hana kifaa cha kuipimia.

Vibali vya mwenye duka

Marekebisho ya mwaka 2003, yaliyoanza kutekelezwa mwaka 2006, yalileta mfumo wa leseni kwa watengenezaji, wauzaji wa jumla na vituo vya mafuta. Mfumo huo uliandaliwa kwa kuwafikiria wenye matangi na magari makubwa. Mwenye duka la mtaani hukutana zaidi na serikali ya jiji.

Kwanza ni idara ya zimamoto. Sheria ndogo za huduma za dharura za Johannesburg zinataka cheti cha usajili pale kiasi cha vimiminika vinavyowaka kinapozidi kiwango kilichowekwa. Wakaguzi huangalia hewa, umbali wa mapipa kutoka kwenye moto, vizima moto na njia ya kutokea.

Pili ni afya. Kanuni za usafi wa vyakula za mwaka 2018 humtaka kila mwenye duka la chakula awe na cheti cha kukubalika kwa jengo lake. Mafuta, sabuni na dawa za wadudu havipaswi kukaa pamoja na unga na mikate. Katika duka lenye upana wa hatua nne, kutenganisha huko ni kazi ngumu, lakini ndilo jambo la kwanza analolitazama mkaguzi.

Tatu ni matumizi ya jengo. Nyumba ya kuishi haigeuki duka kwa kutoboa dirisha ukutani. Mpango wa matumizi ya ardhi wa jiji, wa mwaka 2018, unataka idhini. Aliyepanga hana uwezo wa kuiomba peke yake, humhitaji mwenye nyumba, ambaye mara nyingine hataki jiji lijue idadi ya vyumba alivyokodisha.

Msukosuko wa mwaka 2024

Mambo yaligeuka Oktoba 2024, watoto sita walipofariki katika eneo la Naledi, Soweto. Uchunguzi ulionyesha kuwa waliuawa na terbufos, dawa kali ya kilimo isiyoruhusiwa kutumiwa majumbani. Hasira za wananchi ziliyaelekea maduka madogo yaitwayo spaza, mengi yakiwa mikononi mwa wageni.

Tarehe 15 Novemba 2024 Rais Cyril Ramaphosa alitangaza kwamba maduka yote ya aina hiyo yajisajili katika manispaa zao ndani ya siku 21. Baadaye muda uliongezwa hadi tarehe 28 Februari 2025. Mwezi huo huo wa Novemba serikali ilichapisha mfano wa sheria ndogo za biashara za vitongoji ili manispaa ziufuate.

Mafuta ya taa hayakuhusika na vifo hivyo. Lakini duka linaloyauza ndilo lile lile linalouza chakula, na likifungwa kwa kukosa cheti kimoja, bidhaa zote husimama. Foleni katika ofisi za manispaa zilikuwa ndefu, na vyeti vilivyodaiwa vilitoka katika idara tofauti, kila moja na muda wake.

Swali la hati

Kwa mfanyabiashara mgeni kuna mlango mwingine wa kuupita. Mwenye viza ya biashara, mkimbizi aliyetambuliwa na mwomba hifadhi hawana haki zinazolingana.

Kesi muhimu ni ile ya Jumuiya ya Wasomali wa Afrika Kusini dhidi ya Idara ya Maendeleo ya Uchumi ya Limpopo. Polisi wa jimbo hilo walikuwa wamefunga maduka ya wageni na kutwaa bidhaa. Mwezi Septemba mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Rufaa iliamua kwamba wakimbizi na waomba hifadhi wasio na njia nyingine ya kujikimu wana haki ya kuomba leseni za biashara. Mahakama ilieleza kuwa kumnyima mtu njia pekee ya kujipatia riziki ni kumvunjia utu wake.

Hata hivyo marekebisho ya Sheria ya Wakimbizi, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020, yameibana haki ya mwomba hifadhi. Ruhusa ya kufanya kazi haiji yenyewe, ni lazima iidhinishwe katika hati yake. Hati hizo huisha muda, na mwenye nayo hulazimika kuomba nyingine.

Asiyewahi kuishi uhamishoni huenda asielewe uzito wa tarehe iliyopigwa muhuri kwenye karatasi. Usajili wa duka unahitaji hati hai. Hati ikiisha siku ya Ijumaa na ofisi ikamwambia mwombaji arudi baada ya miezi miwili, usajili nao hutetereka, na jirani mwenye chuki hupata sababu. Machafuko ya Mei 2008, ambamo watu wasiopungua 60 waliuawa, na yale ya mwaka 2015 na 2019, yameonyesha jinsi maduka yanavyokuwa ya kwanza kushambuliwa. Rosettenville yenyewe iliona nyumba zikichomwa moto Februari 2017, wakazi walipodai kuwa zilikuwa madanguro na maficho ya dawa za kulevya.

Uchakachuaji

Msamaha wa kodi uliokusudiwa kumsaidia maskini umefungua mlango wa udanganyifu. Ushuru na mchango ambavyo dizeli hutozwa, na mafuta ya taa hayatozwi, vimekaribia randi 6 kwa lita katika miaka ya karibuni. Anayechanganya mafuta ya taa katika dizeli na kuyauza kama dizeli tupu hutia tofauti hiyo mfukoni.

Ili kuwanasa wachanganyaji, mafuta ya taa hutiwa kemikali ya utambulisho, ambayo hugunduliwa kwa kipimo hata ikiwa kidogo. Mwaka 2024 wizara ilitangaza hadharani vituo vya mafuta ambavyo sampuli zao za dizeli zilikutwa na mafuta ya taa.

Uchakachuaji wa upande wa pili ndio unaoua. Mafuta ya taa safi hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto hadi yafikie joto la nyuzi 38 au zaidi. Yakichanganyika na petroli, hata kwa kiasi kidogo kilichosalia katika dumu ambalo halikuoshwa, mvuke huwaka katika joto la kawaida la chumba, na jiko linaweza kulipuka. Muuzaji mdogo hana maabara. Kinga yake ni kumjua anayemuuzia, kudai risiti, na kutotumia dumu la petroli.

Moto na sumu

Majiko ya utambi yamewekewa viwango vya lazima nchini Afrika Kusini tangu miaka ya 2000. Jiko linalokubalika lazima lizimike lenyewe linapoangushwa. Hata hivyo majiko hafifu yaliendelea kuuzwa, kwa kuwa bei yake ni ndogo.

Hatari ya pili ni sumu. Mafuta ya taa hufanana na maji, na yakitiwa katika chupa ya soda mtoto huyanywa. Madaktari hushauri mtoto huyo asilazimishwe kutapika, kwa sababu mafuta yakiingia mapafuni hudhuru zaidi. Apelekwe hospitali mara moja. Ndiyo maana chama cha usalama wa mafuta ya taa cha kusini mwa Afrika kilifanya kampeni ya vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua.

Hatari ya tatu haionekani. Kipasha joto kinachowaka katika chumba kilichozibwa madirisha huzalisha hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, inayomuua mtu usingizini.

Majengo yaliyosongamana huongeza hatari zote hizo. Tarehe 31 Agosti 2023 jengo la Usindiso, katikati ya Johannesburg, liliteketea na watu 76 wakafariki, wakiwemo raia wa Malawi na Tanzania. Mkasa huo ulionyesha matokeo ya milango iliyofungwa na vyumba vilivyogawanywa kwa mbao pale moto unapozuka, uwe umetokana na nini.

Afrika Mashariki ilichagua njia nyingine

Tatizo la uchakachuaji si geni kwetu. Mwezi Juni mwaka 2011 bajeti ya Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi zaidi ya 400 kwa lita, ili bei yake ikaribiane na ya dizeli. Kabla ya hapo, mwaka 2010, mamlaka ya EWURA ilikuwa imeanza kuyatia mafuta vinasaba. Kenya nayo mwaka 2018 ilianzisha tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, kwa lengo hilo hilo.

Faida ya kuchanganya ilipungua, lakini gharama iliwaangukia waliokuwa wakitumia koroboi na majiko ya utambi. Baadhi yao walihamia gesi au taa za jua, na wengine walirudi kwenye kuni na mkaa.

Afrika Kusini imechagua kuubakiza msamaha na kuwasaka wachanganyaji. Njia hiyo humhurumia mnunuzi, lakini humtia muuzaji mdogo katika shaka ya kudumu: anayenunua mapipa mengi huulizwa yanakwenda wapi, na anayenunua machache hulipa bei ya juu.

Anachoweza kufanya mwenye duka

Wanaoifahamu biashara hii hutaja mambo machache. Bei ya mwezi ibandikwe mahali inapoonekana, na mafuta yapimwe kwa chombo chenye alama ya lita. Risiti za msambazaji zihifadhiwe pamoja na hati za duka. Mafuta yawekwe nje ya chumba cha chakula, na kiasi kisizidi kile kinachoruhusiwa bila cheti. Hati ya ukaazi ianze kushughulikiwa mapema kabla ya tarehe yake kufika.

Hayo yote yanawezekana. Lakini yanamtaka mtu anayefungua duka saa kumi na moja alfajiri na kulifunga saa tatu usiku aifikie zimamoto, idara ya afya, ofisi ya mipango miji na ofisi ya wakimbizi, kila moja kwa siku yake na kwa foleni yake, kwa ajili ya bidhaa inayomwachia senti chache.

Baadhi ya wenye maduka wa Rosettenville huenda wakaamua kuwa haifai tena, na kuyaondoa mapipa. Mpangaji wa chumba cha nyuma, umeme ukikatika usiku wa Julai, atayatafuta mafuta kwa mtu asiye na duka, asiye na kipimo na asiyejulikana na mkaguzi yeyote.